Sijahama

Tarehe 4 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti la kushoto limekupa nafuu. Mimi sijambo. Baridi ya huku imenipa kikohozi, lakini si cha kukutia wasiwasi.

Najua ni miaka miwili na miezi minne tangu tuzungumze. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara tatu. Hii ya nne nimejiapiza kuipeleka posta bila kuisoma tena. Sikukupigia simu kwa sababu mbili. Kwanza, masikio yako yalishamalizwa na honi za treni, maneno ya simu hayashiki. Pili, niliogopa ungeikata.

Nimepata kazi. Nimeajiriwa na profesa mmoja wa chuo kikuu cha huku, napita nyumba kwa nyumba na fomu ya maswali thelathini na mbili. Nabisha hodi, najieleza, nakaribishwa au nafungiwa mlango. Maswali yenyewe utayacheka. Viatu vyako unavipanga au unavivua popote? Ukienda kazini unapita njia ileile kila siku? Mtoto mzuri ni mtiifu au mdadisi? Mgeni akihamia jirani yako unafurahi, unaogopa au hujali? Swali la chama gani unakipigia kura liko mwisho kabisa. Profesa anasema mtu akishajibu yale thelathini na moja, hilo la mwisho yeye anaweza kulijibu kwa niaba yake. Anasema siasa ya mtu haianzi kwenye mkutano wa hadhara, inaanza kwenye malezi na tabia yake, kabla hajajua hata chama ni kitu gani.

Wiki iliyopita niliingia kwa mzee mmoja anayeishi peke yake. Mlangoni kulikuwa na jozi nne za viatu, zimepangwa sawasawa, ncha zote zinatazama nje. Nilisimama na fomu mkononi nikashindwa kuuliza hata swali la kwanza. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu.

Jioni ile nilikaa kitandani nikajaribu kukujazia fomu wewe. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Niliishia swali la tisa. Yaliyobaki siyajui, Baba. Nimekaa nyumbani kwako miaka kumi na tisa, na siyajui.

Kama hutaki kuniandikia mimi, iandikie fomu. Nimeiweka humu ndani.

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 27 Februari

Binti,

Marahaba. Barua imefika. Goti ni lilelile. Kikohozi usikidharau. Chemsha maji uyanywe yakiwa moto, na uache tabia ya kulala dirisha wazi.

Fomu nimeiona. Nimeshangaa kwamba chuo kizima kimekaa kinawaza viatu vya watu. Viatu navipanga kwa sababu nisipovipanga nitajikwaa. Hiyo si siasa, hayo ni macho mabovu.

Swali la mtoto mtiifu au mdadisi sikulijibu. Nilijaliwa mtoto mmoja tu, na unajua alikuwa yupi.

Hapa hakuna jipya. Asubuhi nakwenda kwa Kinyozi, tunacheza drafti, tunasoma gazeti moja watu watano, narudi. Nyumba ni kubwa.

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Maji nimechemsha, nimekunywa, kikohozi kimekwisha. Dirisha nafunga.

Barua yako ina mistari michache, lakini nimeisoma kama mtu anayekula polepole ili chakula kisiishe.

Usidhani huku nina watu wengi. Nimepanga chumba kimoja ghorofa ya tatu, na jirani zangu nawajua kwa kikohozi na kwa funguo zao tu. Nilikuwa na marafiki sita wa chama chetu, kila Jumapili tunapika pamoja. Mwezi uliopita mmoja wao akasema wazee wanaokipigia kura chama chenu ni kondoo, wanafuata tu. Nikamwambia, "Baba yangu si kondoo." Mwingine akauliza kama chumvi inatosha. Jumapili iliyofuata hakuna aliyeniambia tunakutana kwa nani, na hii ya jana pia. Nilikaanga mayai nikala nimesimama.

Baba, kuna swali la kumi na saba ambalo karibu kila mtu analiruka: je, limewahi kukutokea jambo lililokufanya uogope mabadiliko? Ningependa ulijibu hilo moja.

Na lile nililosema kwenye msiba wa Mama. Nilikuwa na uchungu. Shangazi walikuwa wanamsifu kwamba alikuwa nyuma yako kwa kila kitu, nikaona wanamfuta. Ndiyo nikasimama nikasema Mama hakuwahi hata siku moja kukipigia kura chama chako. Sijutii kwamba ni kweli. Najuta uso wako ulivyokuwa.

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 20 Aprili

Kwako Kiherehere,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Hao waliokuacha nje ya chakula chao usiwakimbilie, lakini pia usigombane na watu kwa ajili yangu. Nimeitwa kondoo na watu wakubwa kuliko hao, na nikalala usingizi.

Swali lako la kumi na saba nimekaa nalo wiki tatu. Nitakujibu, kisha usiniulize tena.

Babu yako alikuwa mtu wa reli, na mimi nilizaliwa kwenye nyumba za reli. Tuliamka kwa filimbi, tukala kwa filimbi, tukaingia darasani kwa filimbi. Mtoto wa reli hajiulizi nani anaipuliza. Anajua tu kwamba ikipulizwa mambo yanakwenda, na isipopulizwa kuna mtu ameumia. Mama yako yeye alikulia sokoni, chini ya meza ya bibi yako, mahali ambapo bei ya asubuhi siyo ya mchana. Mtu aliyelelewa pale hapokei neno la kwanza la yeyote, awe muuza nyanya au waziri. Hakuna aliyetufundisha siasa, si mimi wala yeye. Tulikuja tayari tumeshakuwa hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kwenye kibanda cha ishara. Reli yetu ilikuwa ya njia moja, treni za kwenda na za kurudi zinapishana stesheni. Sheria ilikuwa fupi: huiruhusu treni kuondoka mpaka kengele kutoka stesheni ya mbele ilie mara mbili, maana yake njia ni tupu. Siku moja mchana kengele ikachelewa. Ndani ya treni kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Dereva akaja kibandani akaniambia, "Bwana, mtoto hasubiri kengele." Abiria wakashuka wakanizunguka, kila mmoja ananisihi. Nikavuta wenzo, ishara ikafunguka. Treni ikaenda, ikafika salama, mama akajifungulia hospitali. Watu walinibeba mabegani pale stesheni. Mkuu wangu akajifanya hajaona.

Siku tisa baadaye kengele ikamchelewea mwenzangu wa zamu nyingine. Tuliajiriwa siku moja, tulikula sahani moja. Naye alikuwapo nilipobebwa. Abiria wana haraka, wananung'unika. Akavuta. Walikufa watu kumi na mmoja. Yeye hakufa, lakini hakurudi tena kwenye mazungumzo ya watu.

Kwa hiyo mtu akipanda jukwaani akasema tuvunje hili, tujaribu lile, na watu wakapiga makofi, mimi nasikia breki. Huenda chama chako kina haki. Mimi bado nasikia breki. Hilo halina kisanduku kwenye fomu yako.

Kuhusu mama yako. Ulidhani unaniambia kitu nisichokijua. Miaka thelathini na moja tulitoka pamoja kwenda kupiga kura. Tulipanga foleni pamoja, mimi nikapiga yangu, yeye akaingia akaifuta kwa yake, tukarudi nyumbani tukala. Nilijua. Naye alijua kwamba najua. Akitoka mle ndani alikuwa na kicheko fulani anakibana, na mimi nilikuwa nakisubiri. Haikuwa siri, mwanangu. Kilikuwa kitu cha watu wawili. Ukakitoa mbele ya shangazi zako, na tangu hapo nikikumbuka siku za kura simwoni mama yako, nawaona wao wananitazama.

Uchaguzi ni Septemba. Chama kimeniomba niwe wakala wake kituoni, pale shuleni, nihakikishe mambo yanakwenda sawa. Nimekubali. Ni kitu cha kufanya.

Baba yako


Tarehe 6 Mei

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumaini nawe.

Sina maneno ya kutosha kwa barua yako, kwa hiyo nitaandika machache. Nisamehe kwa yale ya Mama. Sikujua kwamba mlikuwa mnacheka.

Jina langu bado liko kwenye daftari la wapiga kura la kituo hichohicho chako. Nikija Septemba, utanipokea?

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 18 Julai

Kwako Kiherehere,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mwili mzima, mengine ndiyo nakueleza. Chumba chako kipo, godoro nimelianika.

Unazikumbuka karakana za zamani? Nyuma yake zimejengwa nyumba za kupanga, wamehamia watu waliofuata kazi kwenye kiwanda cha saruji. Wanatoka mbali, wanasema kwa lafudhi yao. Mwezi uliopita alikuja hapa katibu wa tawi la chama, kakaa sebuleni, kanywa chai, kisha katoa karatasi. Majina themanini na manne ya hao wapangaji. Karatasi ilikuwa pingamizi: kwamba si wakazi, wafutwe kwenye daftari. Alitaka saini yangu kwa sababu mimi ni mkazi wa siku nyingi, hakuna atakayenibishia.

Nikavaa miwani nikasoma jina moja moja. Nikamuuliza, "Hawa hawaishi hapa?"

Akasema, "Wanaishi, mzee, lakini si wenzetu. Wote wale ni kura za upande wa pili."

"Karatasi inasema hawaishi."

"Hiyo ni karatasi tu, mzee wangu. Tusaidie safari hii tu."

Nilipolisikia hilo la safari hii tu, mwanangu, nikasikia breki. Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia sheria inasema aliyekaa miezi sita anaandikwa, na hawa wamekaa mwaka. Akaondoka bila kumaliza chai.

Nikueleze ukweli, wapangaji hao siwapendi. Wanafungulia redio mchana kutwa na wanamwaga maji njiani. Lakini kukaa wamekaa.

Pingamizi halikwenda popote bila saini. Na mimi siyo wakala tena, wamemteua mtu mwingine. Kwa Kinyozi hawakunifukuza. Kiti wananipa, salamu wananijibu, ila zamu yangu ya kucheza drafti haifiki. Nakaa kuanzia saa tatu mpaka saa sita nikitazama kete za wengine, kisha narudi. Jana sikwenda.

Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Mama yako angecheka mpaka akae chini.

Njoo Septemba. Ulete sweta zako, bila shaka zina matundu kama zamani, fundi wa hapa anashona vizuri.

Baba yako


Tarehe 9 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo, shikamoo tena. Hujambo? Mimi leo sisikii baridi hata kidogo.

Barua yako imeanza kuchanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Nimetembea nayo kazini, kila nikishuka ngazi za watu naitoa. Wewe, peke yako, na kikombe cha chai, umesimama mbele ya chama kizima. Na hao Kinyozi na wenzake, siku moja wataona haya.

Baba, usikasirike. Niliwasomea wale marafiki zangu. Ndiyo, wamenirudia. Mmoja akafuta machozi. Yule anayeandika kwenye gazeti la chama chetu akaniomba kipande, nikampa. Jina lako halimo, wala la mtaa, nimesema tu ni mzee wa kibanda cha ishara. Nilitaka watu wajue. Jambo zuri namna hii likae kwenye bahasha, mimi siwezi. Najua utanuna siku mbili, kisha utajivuna kimyakimya.

Tiketi ya basi nimeshakata. Sweta naleta.

Mwanao anayejivunia wewe,
Kiherehere


Tarehe 25 Agosti

Binti,

Gazeti limefika hapa kabla ya barua yako.

Limeandika kwa herufi kubwa: MZEE WA RELI AHAMA CHAMA. Jina halimo. Mtaa mzima huu una mzee mmoja wa kibanda cha ishara. Kinyozi alilisoma kwa sauti, mimi nikiwa kwenye kiti, mpaka pale pa redio na maji yanayomwagwa njiani. Alipomaliza, mmoja akakunja ubao wa drafti. Hakuna aliyenitukana. Nilivaa kofia nikatoka.

Mchana wapangaji wakaja mlangoni, wanaume wawili na mama mmoja. Waliniletea mkungu wa ndizi kunishukuru, lakini nao walikuwa wamesoma kwamba siwapendi. Tulisimama pale, hatujui tutazame wapi.

Sijahama. Nimesimama palepale nilipokuwa, ni wengine walionisogelea na walionikimbia. Kama ungekisoma nilichoandika ungeliona hilo. Wewe ulisoma ulichokuwa unakitaka.

Mama yako ulimtoa nje siku tatu baada ya kumzika. Sasa umenitoa mimi, ningali hai. Uliniuliza maswali, nikakujibu wewe.

Usije.

Baba yako


Tarehe 3 Oktoba

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya.

Uliniambia nisije, nikaja. Unanijua. Nilifika asubuhi ya siku ya kura nikaingia kwenye foleni, na wewe ulikuwa mbele yangu watu kama arobaini, umevaa koti lako la kazi. Sijui kama uliniona wakati ule. Foleni nzima ilikuwa imebanana, isipokuwa pale ulipokuwa wewe. Mbele yako pengo, nyuma yako pengo, watu wanasogea hatua moja, pengo linasogea nalo. Mama mmoja wa zile nyumba za kupanga akataka upite mbele yake kwa ajili ya goti. Nikakusikia unamwambia, "Foleni ni foleni, mama."

Ukaingia, ukakaa kidogo, ukatoka. Ulipita karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya sabuni yako. Ukasema, "Habari za safari." Nikasema, "Nzuri." Ukasema, "Basi la kurudi linaondoka saa nane, usichelewe." Ukaenda zako. Nilikutazama mpaka kona ya shule, na hukugeuka.

Nikaingia nikapiga kura yangu. Nilipotoka mle ndani sikuwa na mtu wa kubania kicheko. Sweta nilirudi nazo vilevile.

Nimesikia matokeo. Chama chenu kimeshindwa hapo kwa kura sitini na moja. Na majina yalikuwa themanini na manne. Nimepiga hesabu hiyo kama kila mtu mtaani atakavyokuwa ameipiga, na najua ni nani wanayemnyooshea kidole. Marafiki zangu walisherehekea. Niliwaambia nina kichwa kinaniuma, nikarudi chumbani.

Baba, nimejijazia fomu mimi mwenyewe, yote, kwa ukweli. Nimetoka mtoto wa sokoni kabisa. Kitu kizuri kikinifikia mkononi siwezi kukaa nacho mpaka nikiweke juu ya meza, kila mpita njia akione. Nilikuwa nadhani huo ndio uhodari wangu. Sikuwahi kujiuliza ni cha nani.

Kazi nimeacha. Profesa aliniuliza sababu. Nikamwambia fomu yake inaweza kujua mtu atapiga kura wapi, lakini haikuweza kujua atakataa kutia saini wapi. Akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, nikaona tena nimetoa kitu chako nje. Nilimwomba akate. Alikata mbele yangu.

Gazeti lile nilililazimisha kusahihisha. Waliandika mistari miwili ukurasa wa kumi na nne, kwamba mzee hakuhama. Najua haisaidii.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Naomba uniandikie. Hata mstari mmoja.

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 2 Novemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimepata kazi kwenye duka la vitambaa, napima na kukata, hakuna maswali. Sijui kama barua ya Oktoba ilikufika. Goti linaendeleaje?

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 11 Desemba

Binti yangu,

Marahaba. Natumaini hujambo na kazi inakwenda vizuri. Mimi ni mzima wa afya. Barua zako mbili zimefika.

Goti lilisumbua Novemba, sasa ni afadhali. Mvua imenyesha ya kutosha. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, fundi amekuja ameliziba. Paka wa jirani amezaa watoto watatu, wawili weusi. Barabara ya shule wanaitengeneza, kuna vumbi.

Kura nilipiga, nikarudi nyumbani salama.

Jitunze na baridi. Ukipata nafasi, andika.

Barua hii unaweza kumwonyesha mtu yeyote.

Baba yako